Kusafisha filamu ya nyeusi na nyeupe nyumbani Tanga: dalili za kasoro na vyanzo vyake

Kasoro nyingi za filamu hufanana kwa sura ilhali vyanzo vyake ni mbalimbali. Negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo penye mwanga huonekana peusi na penye kivuli huonekana wazi, ikiwa imepauka inaweza kuwa imepungukiwa na mwanga ndani ya kamera, imesafishwa kwa dawa iliyokufa, au imetolewa kwenye dawa kabla ya wakati, na anayeanza kazi hii mara nyingi hubadilisha mambo yote matatu kwa mpigo, kiasi kwamba hata kasoro ikiondoka hajui ni lipi lililoiondoa. Mwongozo huu unakwenda kutoka dalili hadi chanzo, na umezingatia mazingira ya Tanga, ambako hata katika miezi ya kusi maji ya bomba hayapoi kufikia zile nyuzi 20 zinazotajwa kwenye karatasi za maelekezo ya dawa.

Mpangilio wa kazi unaochukuliwa hapa ni ule wa kawaida: filamu huzungushwa kwenye rili, yaani gurudumu lenye mfereji wa kuishikilia, na kufungiwa ndani ya tangi katika giza kamili, humiminiwa developa, ambayo ndiyo dawa inayoitoa picha, hufuata maji au siki iliyozimuliwa ili kuikatiza developa, kisha fiksa, ambayo huyeyusha chumvi za fedha zisizopigwa na mwanga na kuifanya picha idumu, na mwisho huoshwa na kuanikwa.

Soma pembeni kwanza

Kabla ya kuitazama picha hata moja, tazama ukingo wa filamu. Jina la filamu na namba za picha zilizoko pembeni hupigwa mwanga kiwandani, nazo husubiri developa tu ili zionekane. Kamera yako haihusiki nazo hata kidogo. Maandishi hayo yakiwa meusi na yanasomeka vizuri, developa imefanya kazi yake, na kasoro iliyomo ndani ya picha itafutwe kwenye kamera au kwenye namna ya kupima mwanga. Yakiwa hafifu, mashaka yahamie kwenye dawa, joto na muda. Kwa kuwa filamu hutofautiana kwa uzito wa maandishi hayo, hifadhi kipande cha filamu iliyotoka vizuri ili ulinganishe na mpya ya aina ileile.

Filamu imetoka wazi kabisa

Ikiwa picha hazipo lakini maandishi ya pembeni yapo, filamu haikusogea ndani ya kamera, au shata, kile kilango kinachoruhusu mwanga kuifikia filamu, haikufunguka. Mara nyingi meno ya kamera hayakushika matundu ya filamu wakati wa kuipakia. Katika kamera za kuvuta filamu kwa mkono, kitufe cha kurudishia filamu kilicho upande wa kushoto huzunguka kila unapovuta picha mpya. Kisipozunguka, fungua upya kabla hujapoteza harusi ya mtu.

Ikiwa hata maandishi ya pembeni hayapo, ama fiksa ilitangulia kabla ya developa, ama developa ilikuwa imekufa. Katika hali zote mbili picha hazirudi. Kosa la kutanguliza fiksa huzuiwa kwa chupa zenye maumbo tofauti, si rangi tofauti pekee, ili mkono utambue kilichoshikwa hata pale macho yanapotazama saa. Chupa za soda zisitumike kabisa katika nyumba yenye watoto, hata zikibandikwa maandishi.

Kuhusu developa iliyokufa, kipo kipimo kisichogharimu chochote. Kata ulimi wa filamu, yaani kile kipande cha mwanzo kinachobaki nje ya kopo, ambacho tayari kimepigwa na mwanga na hakina picha. Kitumbukize nusu katika developa mahali penye mwanga wa kawaida. Katika dakika chache nusu hiyo inapaswa kugeuka nyeusi tititi. Ikibaki ya kijivu, usiihatarishe filamu yako. Kisha suuza kipande na ukitie chote katika fiksa, uone nusu ya pili ikigeuka wazi kama kioo. Kwa jaribio moja umepima dawa zote mbili, na ningeshauri lifanywe kabla ya kila filamu bila kujali umri wa dawa, kwa sababu katika joto la pwani umri ulioandikwa kwenye pakiti hauaminiki sana.

D-76 na ID-11, ambazo ni developa za unga zinazokaribiana mno kwa utendaji, hudumu takriban miezi 6 katika chupa iliyojaa hadi shingoni, lakini katika chupa iliyofika nusu muda huo hushuka hadi kama mwezi 1 au 2, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoziua. Gawa dawa katika chupa ndogo za kioo zinazojaa. Usichanganye nusu pakiti ukabakiza nusu nyingine, kwa kuwa viambato vya unga havijasambaa sawasawa na nusu utakayochota huenda ikakosa kiambato cha lazima. Developa za aina hii zikigeuka rangi ya chai zimwagwe. Rodinal, developa inayouzwa ikiwa ya maji, ni tofauti, maana huwa nyeusi kadiri inavyokaa na bado hufanya kazi.

Filamu imetoka nyeusi

Hapa tena ukingo ndio unaoamua. Picha zikiwa nyeusi huku ukingo ukiwa safi, filamu ilipata mwanga mwingi ndani ya kamera au ilipikwa kupita kiasi na dawa. Ukingo nao ukiwa mweusi, mwanga uliingia mahali fulani kabla ya fiksa. Wanaoanza husahau bomba la katikati ya tangi la plastiki, wakidhani ni la kushikilia rili tu. Bomba hilo, pamoja na kifuniko chenye umbo la faneli, ndilo linalozuia mwanga usipenye, na tangi lisilo nalo ni sawa na tangi lililo wazi.

Weusi wa sehemu sehemu una habari zaidi. Michirizi inayojirudia mahali palepale katika kila picha hutoka kwenye kamera, hasa kwenye sponji za mlango wa nyuma, ambazo kwa unyevu wetu huoza na kuwa kama lami. Michirizi iliyokolea upande mmoja wa filamu na kufifia kadiri unavyoelekea mwisho wake huonyesha kwamba mwanga uliipata filamu ikiwa imejiviringa, ama kopo liliachwa juani, ama mfuko wa giza, ule wa kitambaa cheusi unaotumika kuzungushia filamu kwenye rili, unavuja. Mfuko hupimwa kwa kuweka sarafu juu ya kipande kibichi cha filamu ndani yake kwa dakika 10 katika chumba chenye mwanga, kisha kukisafisha. Duara la sarafu likionekana, mfuko haufai.

Kijivu kilichoenea kila mahali, hata ukingoni, huitwa ukungu. Filamu iliyopitwa na wakati au iliyokaa kwenye droo yenye joto miezi mingi huwa nao. Hata hivyo, filamu kadhaa za milimita 35, kama HP5 Plus na Tri-X, zina kijivu cha asili katika plastiki yake, na kijivu hicho si kasoro.

Picha hafifu

Kuna uhafifu wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, sehemu za kivuli ziko wazi kabisa, hazina chochote, huku anga na nguo nyeupe zikionekana vizuri na maandishi ya pembeni yakiwa mazito. Hapo filamu haikupata mwanga wa kutosha. Hali hii ni ya kawaida kwa anayepiga picha ufukweni Raskazone saa sita mchana, ambako mchanga na bahari humdanganya kipimamwanga kudhani kwamba kila kitu ni angavu, na nyuso za watu walio chini ya mti hupotea. Pima mwanga kwenye uso wenyewe, usipime mandhari yote. Dawa haiwezi kuzalisha kilichokosekana kivulini, hata ukiiongezea muda.

Katika aina ya pili, maelezo ya kivulini yapo, lakini picha nzima ni ya kijivu bila uhai na maandishi ya pembeni yamepauka. Huko ni kutosafishwa vya kutosha: dawa ilizimuliwa mno, imechoka, au muda ulikuwa mfupi. Kwa Tanga, baridi haiwezi kuwa sababu isipokuwa kama umetoa dawa kwenye friji na kuitumia papo hapo.

Picha nzito zenye tofauti kali kati ya weusi na weupe

Hili ndilo tatizo kuu la mji huu. Kwa kanuni ya kukadiria, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hudai muda wa developa upunguzwe kwa takriban asilimia 10. Chukua HP5 Plus katika ID-11 iliyozimuliwa sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji, ambayo muda wake uliochapishwa ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 muda huo unashuka hadi kama dakika 9. Kwa nyuzi 29, joto ambalo maji ya bomba hulifikia bila taabu wakati wa kaskazi, unakaribia dakika 5. Anayefuata zile dakika 13 katika maji ya nyuzi 29 ameipa filamu zaidi ya mara mbili ya muda iliouhitaji, na matokeo yake ni anga nyeusi isiyopenyeka kwenye negativu, chembe kubwa kubwa, na picha isiyochapika.

Njia mbili hupendekezwa. Ya kwanza ni kuyapoza maji hadi nyuzi 20, ambayo ni kazi ya kuchosha, kwani katika chumba cha nyuzi 31 dawa huanza kupanda joto mara tu unapoimimina. Ya pili ni kukubali joto lililopo na kufupisha muda, nayo ina mpaka wake: muda ukishuka chini ya dakika 5, kuchelewa kidogo kumimina au kumwaga huacha alama, na filamu husafika kwa mabaka. Kwa maoni yangu, iliyo bora ni kukutana katikati. Lenga nyuzi 24, tumia developa iliyozimuliwa ili muda usiwe mfupi mno, na ulinde joto hilo mpaka mwisho.

Kulilinda hakuhitaji mtambo. Jaza beseni kubwa maji, tia ndani yake barafu za mifuko kama zile zinazouzwa majumbani, na upange humo chupa za developa na fiksa pamoja na dumu la maji ya kusuuzia, mpaka vyote vifike nyuzi 24. Barafu ibaki ndani ya mfuko wake. Ikiyeyukia kwenye dawa itaizimua bila kipimo. Ondoa barafu pale beseni linapofika joto unalotaka, na kati ya mpinduo mmoja na mwingine wa tangi, lirudishe tangi ndani ya beseni. Mikono nayo hupasha tangi moto, kwa hiyo lishike kwa ncha za vidole. Kipimajoto cha hospitali hakifai kwa kuwa huanzia kwenye joto la mwili. Tafuta cha jikoni au cha maabara, na utumie kilekile kila mara, maana kipimajoto kinachokosea kwa kiasi kilekile siku zote hakileti madhara makubwa kama viwili vinavyopingana.

Joto lina madhara mengine baada ya developa. Gelatini inayobeba picha hulainika na kuvimba katika maji ya moto, na maji yaliyoshinda ndani ya simtanki juani yanaweza kupita kwa mbali joto la dawa. Ukihamisha filamu ghafla kutoka nyuzi 24 kwenda kwenye maji hayo, uso wake unaweza kusinyaa na kupasuka vijistari vidogo mfano wa tope lililokauka, na alama hizo hazifutiki. Filamu za siku hizi huvumilia zaidi kuliko za zamani, lakini mikwaruzo huzipata kwa urahisi zikiwa zimevimba. Maji ya kuoshea yasitofautiane na dawa kwa zaidi ya nyuzi 5.

Mabaka, nukta na mistari

Mabaka yasiyo na picha, mara nyingine yakiwa na rangi ya krimu au zambarau, hutokea pale mizunguko miwili ya filamu ilipogusana kwenye rili na dawa ikashindwa kupenya. Chanzo chake Tanga ni unyevu. Rili ya plastiki yenye unyevunyevu hukwamisha filamu katikati, jasho la viganja ndani ya mfuko wa giza huongeza ugumu, na anayehangaika humo kwa robo saa hujikuta mfuko mzima umekuwa na fukuto. Anika rili siku nzima au uipulizie hewa ya mashine ya kukaushia nywele, kata pembe mbili za ncha ya filamu ziwe za mviringo, na ufanye kazi hiyo alfajiri au usiku. Ikikwama, rudisha filamu yote ndani ya tangi, ufunike, utoe mikono na kusubiri ikauke. Ukiisukuma kwa nguvu itakunjika, na kila kunjo litaacha alama nyeusi yenye umbo la mwezi mwandamo.

Nukta ndogo za mviringo zilizo wazi kwenye negativu ni viputo vya hewa vilivyong'ang'ania filamu. Gonga tangi mezani mara mbili tatu baada ya kila kulipindua. Mistari inayoshuka kutoka kwenye matundu ya pembeni hutokana na kutikisa kwa nguvu na kwa mpigo uleule. Kutotikisa kabisa nako huleta mistari ya aina yake. Mipinduo minne ya taratibu kila dakika, huku ukilizungusha tangi kidogo mkononi, inatosha. Ukingo mmoja ukiwa hafifu kwa urefu wa filamu nzima, dawa haikuifunika: filamu ya milimita 35 katika tangi la kawaida la plastiki huhitaji takriban mililita 300, na ile pana iitwayo 120 mililita 500.

Utandu wa maziwa, rangi ya waridi

Hii ndiyo kasoro ya kufurahia, kwa maana inarekebishika. Filamu yenye utandu wa maziwa haijakaa vya kutosha katika fiksa, na unaweza kuirudisha humo hata kesho yake, tena mwangani, bila kupoteza picha. Rangi ya waridi au zambarau hafifu kwenye filamu kama T-Max na Delta ni rangi ya kiwandani ambayo haijatoka, nayo huondoka kwa fiksa mbichi na kuosha zaidi. Maji ya kijani au ya buluu yanayomwagika mwanzoni hayana neno.

Ili kujua hali ya fiksa, pima muda unaochukua ulimi wa filamu kuwa wazi, kisha uipe filamu mara mbili ya muda huo. Kwa T-Max na Delta, mara tatu. Ulimi ukichukua mara mbili ya muda uliochukua katika fiksa mbichi, fiksa hiyo imechoka. Haifai kumwagwa karibu na kisima, kwani imejaa fedha. Stilwaya iliyolowekwa humo siku kadhaa huitoa sehemu kubwa ya fedha hiyo, ikajikusanya kama tope jeusi.

Katika siku za mgao wa maji, kuosha hakuhitaji bomba linalotiririka. Baada ya fiksa ya haraka isiyo na kigandisho, yaani dawa ya kugumisha gelatini, kampuni ya Ilford hushauri kujaza tangi maji na kulipindua mara 5, kuyamwaga na kujaza mapya na kupindua mara 10, kisha mara 20. Lita moja na ushei inatosha filamu moja.

Baada ya kukauka

Madoa meupe ya duara upande unaong'aa ni chumvi na chokaa iliyobaki maji yalipokauka. Loweka filamu tena, na umalizie kwa maji yaliyotoneshewa dawa ya kuteleza, ile inayoyafanya maji yashuke bila kuacha matone, kwa kipimo cha kiwanda. Kuzidisha huacha utando. Maji ya mwisho yawe ya mvua yaliyochujwa, si yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na chumvi ya bahari juu ya bati, au yawe maji safi ya betri kutoka duka la vipuri. Soma chupa na uulize waziwazi, kwa kuwa madukani maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja na wauzaji wengine huviita kwa jina moja.

Vumbi lililogandia kwenye gelatini huletwa na feni. Ning'iniza filamu bafuni kwa vibanio vya nguo, kimoja juu na viwili chini kama uzito, baada ya kunyunyiza maji ili vumbi litue, na mlango ufungwe mpaka asubuhi. Sisimizi nao hupenda gelatini, kwa hiyo uzi wa kuanikia usiguse ukuta.

Negativu zilizokauka zihifadhiwe kwenye karatasi zake ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu, ambavyo vibadilishwe hasa wakati wa masika. Koga ikishaanza, inayoonekana kama nyuzinyuzi zilizotawanyika juu ya picha, usiioshe kwa maji, kwa sababu gelatini iliyoliwa na koga huyeyuka katika maji na picha ikaondoka nayo. Ifute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti safi, polepole, na kopo la zamani ulitupe.